Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Jiji la Dar es Salaam Kuhusu Mitaa Yetu na Hoteli Zake za Zamani

Kwa Mheshimiwa Meya na Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya ardhi na nyumba, na ya maliasili na utalii. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Nyumba la Taifa.

YAH: MITAA YA KATIKATI YA JIJI NA HOTELI ZAKE ZA ZAMANI

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na nimeishi katika jiji hili umri wangu wote, nikiondoa miaka tisa niliyopangiwa kufundisha mikoani. Sijawahi kuwaandikia viongozi barua ya wazi. Naandika sasa kwa sababu mwezi Machi mwaka jana hoteli moja niliyoijua tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono ilifungwa, jengo lake likavunjwa kwa muda wa siku nne, na miezi iliyofuata ikanifanya nielewe kwamba lililoipata hoteli ile ndilo linaloipata mitaa yote ya katikati ya jiji, kona baada ya kona, bila mtu yeyote kuvunja sheria na bila mtu yeyote kuulizwa.

Ninaposema hoteli, nasema kama tulivyozoea kusema watu wa Dar es Salaam: si nyumba ya kulala wageni, bali nyumba ya chai na chakula, ile inayofungua milango wakati watu wanatoka kwenye sala ya alfajiri na kuifunga pale sufuria la mwisho la pilau linapokwisha. Hoteli ninayoizungumzia ilikuwa katika Kata ya Mchafukoge, mwendo mfupi wa miguu kutoka Mnara wa Saa. Sitaitaja jina, wala sitamtaja mwenye jengo, kwa sababu aliuza mali yake mwenyewe na hakumdhulumu mtu. Jengo lilikuwa la ghorofa moja juu ya hoteli, la aina iliyojengwa Uhindini kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950: kona yake imeviringwa badala ya kukatwa, varanda ya juu ina ukuta wa saruji uliotobolewa nakshi, na karibu na paa, mahali ambapo wapita njia wengi hawainui macho, mwaka wa ujenzi umeandikwa kwa plasta iliyotuna. Chini palikuwa na milango mitano ya mbao, ambayo ilikunjwa ukutani tangu alfajiri, kiasi kwamba mtu aliyeketi meza ya mwisho nje na mtu aliyekuwa akipita barabarani walikuwa kana kwamba wamo katika chumba kimoja.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, enzi ambazo reli ilikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, na siku ya mshahara alinichukua tukapita Mnazi Mmoja hadi pale. Nilipewa sumni yangu niishike mwenyewe. Meza zilikuwa za marumaru, baridi kwenye viwiko hata mwezi Februari, na ukutani kulikuwa na kioo kikubwa kilichoanza kuota madoa pembeni, kwa hiyo mtoto mfupi aliweza kuitazama hoteli yote bila kugeuka: kabati la vioo lenye sambusa, bagia na kachori, mwenye hoteli nyuma ya kaunta akiwa amevaa kofia yake, na feni ya dari iliyozunguka polepole mno kiasi cha kuhesabika. Wahudumu hawakuandika chochote. Walipaza sauti kuelekea jikoni, "Maziwa mbili, chapati nne, rangi moja!", na mteja alipoinuka kuondoka, sauti hiyohiyo ilimfuata hadi kwenye kaunta ikimtambulisha kwa shati lake na kutaja anachodaiwa, "Huyo wa shati jeupe, mbili na sumni!", na sikuwahi kuona hesabu ile ikibishaniwa.

Kanuni ya meza zile ilikuwa moja: kiti kilicho wazi ni cha aliyefika. Hapakuwa na meza ya mtu, wala hapakuwa na meza ya kukaa peke yako ikiwa wengine wamesimama. Kuli wa bandarini aliyetoka zamu ya usiku aliketi na karani wa benki ambaye ndiyo kwanza anaanza siku. Kwa kuwa Mahakama ya Kisutu haiko mbali, nilikuja kuona nikiwa mtu mzima mshitakiwa aliyepata dhamana asubuhi ileile akinywa chai na ndugu zake, huku meza ya pili ameketi karani wa mahakama na faili zake, na wote wawili wameagiza supu ya mbuzi na chapati. Taarifa ya habari ya saa saba ilipofika, redio iliongezwa sauti, na yalipoanza kusomwa matangazo ya vifo watu waliacha kutafuna. Wengine hatukujua majina ya tuliokaa nao kwa miaka, ila tulijua nani ni Yanga na nani ni Simba, na wazee waliendelea kuiita Sunderland miaka mingi baada ya klabu ile kubadili jina mwaka 1971.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari, unga wa ngano na mafuta vilipoadimika, hoteli ile haikufungwa. Chai ilinywewa kwa sukari guru. Chapati zilipotea kwa majuma, na mahali pake pakashikwa na mihogo ya kuchemsha na viazi vitamu. Mwenye hoteli alikuwa na daftari la wadaiwa chini ya kaunta, na mimi, mwalimu kijana ambaye mshahara wake ulichelewa kama wa walimu wengine, niliandikwa humo kwa penseli mwezi baada ya mwezi, nikafutwa kwa kifutio kila nilipolipa. Sijui duka lolote la leo la katikati ya jiji ambalo lingenikopesha chakula kwa kunijua uso tu. Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu ninyi mnaosoma barua hii mna mafaili yenye ramani, hati na thamani ya kiwanja kwa kila mita ya mraba, na haya ninayoyaeleza hayamo katika faili lolote.

Jiji hili lilipangwa kwa mistari. Wajerumani, walioyahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja hapa mwaka 1891, na baada yao Waingereza, waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili Uhindini na Kariakoo zisigusane. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wale walioitwa Carrier Corps. Uhuru uliufuta mstari huo katika sheria. Katika maisha ya kila siku ulifutwa na miguu ya watu walioukata uwanja ule kila asubuhi wakitoka Mkunguni, Sikukuu, Swahili na Nyamwezi kwenda kazini, na waliotua njiani kunywa chai upande ambao babu zao hawakuwa na pa kuketi. Kwangu mimi, hoteli za kona za Uhindini na vijiwe vya kahawa na kashata vya Kariakoo ni sehemu ya historia ya Uhuru kama ilivyo nyumba ya Mtaa wa Lumumba ilimozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, ingawa hakuna kibao kilichobandikwa kwenye ukuta wake.

Majina tumeyatunza. Barabara ya Samora ilikuwa na jina la Kijerumani la miti ya mikakaya, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, na leo ina jina la mpiganaji wa Msumbiji ambaye chama chake, FRELIMO, kiliundwa hapa hapa jijini mwaka 1962. Lumumba, Nkrumah na Azikiwe wamo katika vibao vyetu. Sanamu ya Askari imesimama mahali pake tangu mwaka 1927. Lakini anayetembea Samora leo akimwonyesha mjukuu wake lilipokuwa jengo la Salamander anamwonyesha hewa, na majumba ya sinema ya Empire, Avalon, Odeon na Empress, ambayo Jumapili jioni yalimwaga watu barabarani nao wakaenda moja kwa moja kupanga foleni ya aiskrimu Sno-Cream katika Mtaa wa Mansfield, hayaonyeshi tena picha kwa mtu yeyote. Kibao cha jina la mtaa hakimpi mtu kivuli wala kiti.

Niruhusuni niwatembeze kidogo. Kutoka Mnazi Mmoja kuingia mitaa ya Uhindini, miaka thelathini iliyopita, mtu alipita chini ya varanda karibu njia yote. Varanda hizo zilijengwa kwa akili, kwa sababu wajenzi walijua jua la saa nane na mvua za masika. Ghorofa ya juu ilijitokeza juu ya njia ya miguu, na chini yake cherehani ya fundi nguo, meza ya muuza magazeti na viti vya hoteli vilipata kivuli bila gharama. Leo, kona ambako jengo la ghorofa moja limeondoka na la ghorofa kumi au zaidi limesimama, ukuta wa chini unaanzia kwenye mpaka wa kiwanja bila varanda. Unakutana na lango la chuma la kushukia magari, kisha jenereta nyuma ya nondo, kisha kioo cheusi cha ofisi, kisha safu ya fremu za maduka zilizofungwa shata. Mtu anapita pale haraka, kwa kuwa hakuna kinachomsimamisha, na usiku mtaa ambao zamani ulinukia mishikaki na hiliki hadi saa nne unakuwa giza tangu saa moja.

Nimejaribu kuelewa kwa nini hoteli hazirudi katika majengo mapya, na jibu nililopewa na wenye hoteli wenyewe si gumu. Hoteli inahitaji ukumbi mpana, uani wa kuoshea vyombo, jiko lenye njia ya moshi, maji mengi na mfereji mzuri wa kuyaondoa. Mapato yake ni madogo kwa kila mita ya mraba, kwa sababu mteja wa chai moja huketi nusu saa, na ndivyo anavyotakiwa kuketi. Ukumbi uleule ukikatwa fremu kumi na mbili za kuuzia simu, nguo na vipodozi, kila fremu ina kodi yake, na kabla ya kodi kuna kilemba cha kuingilia ambacho mwenye hoteli hawezi kukitoa hata akiuza vitanda vya nyumbani kwake. Mwenye jengo hana kosa katika hesabu hii. Ila hesabu hii ikiachwa peke yake ndiyo inayopanga jiji, na ikipanga jiji haiachi hata meza moja.

Mzigo wa kulilisha jiji umewaangukia mama ntilie, na hao nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Wamesomesha watoto kwa sufuria na kuni, na wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wao. Lakini wao nao hawana pa kukaa. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kwenye njia za miguu, wengi wao waliondolewa pamoja na majiko yao. Nakubali kwamba njia za miguu ni za waendao kwa miguu. Nauliza tu: ikiwa chakula cha bei ya mtu wa kawaida hakina nafasi njiani, na jengo jipya halikipi nafasi ndani, karani, mchukuzi na mwanafunzi wa katikati ya jiji wale wapi, na wale na nani?

Sitaki mnielewe vibaya. Siombi Dar es Salaam isimame. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta jijini watu takribani 270,000. Ile ya mwaka 2022 imekuta watu 5,383,728, na watu hao hawawezi kuenea katika nyumba za Kiswahili za vyumba sita na uani. Najua pia kwamba nyumba nyingi za zamani zimechoka, na kwamba kuta zilizooza huua. Vilevile sote tunajua kwamba kuwa jipya si kuwa salama. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Nilikwenda mara zote mbili nikasimama mbali pamoja na wengine. Kwa hiyo ninapotetea majengo ya zamani sitetei ufa wala paa linalovuja. Natetea haki ya mtaa kuendelea kuwa mtaa baada ya kila tofali kubadilishwa.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo sikulijua hadi nilipostaafu na kupata muda wa kusoma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda kwa umri wake majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa, Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka hiyohiyo ya 1860, pembeni mwa kijiji cha wavuvi cha Mzizima, na Boma la Kale la pale Barabara ya Sokoine, ambalo ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia mjini, ni la miaka ya 1866 na 1867. Mstari wa sheria umechorwa kabla ya mji wenyewe kuzaliwa. Kilwa inaingia ndani ya mstari huo, na ni haki yake. Mitaa ya katikati ya Dar es Salaam yote imebaki nje. Jengo la hapa likipata ulinzi, linaupata kwa sababu Waziri ameona vyema kulitangaza katika Gazeti la Serikali, na ni rahisi kuelewa kwa nini hospitali za Wajerumani, makanisa na maboma huonekana vyema kabla ya nyumba ya chai iliyoandikwa 1938 kwa plasta chini ya paa. Mimi nimefundisha historia. Nawahakikishia kwamba mtoto wa shule ya msingi huelewa zaidi maisha ya babu yake akikalia kiti alichokikalia babu yake kuliko akionyeshwa makazi ya gavana.

Tunaweza kufanya vizuri, na tumeshafanya. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021 walikuwapo watu waliosema livunjwe lote. Serikali ikaamua kulikarabati, na kwa uamuzi huo ikaiokoa kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo wetu, aliyelichora kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga mvua na kuyashusha maji yake ndani ya nguzo, soko lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na ambalo mama yangu alikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wa mwanzo. Boma la Kale nalo limekarabatiwa, na tangu mwaka 2017 limekuwa na kituo kinachoonyesha historia ya majengo ya jiji. Ndugu zetu wa Zanzibar wana mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa ndani ya orodha hiyo, jambo linalonifanya niseme kwamba orodha bila fundi na bila fedha ya matengenezo haitoshi, hapa wala kule.

Naomba mambo machache, na nimejitahidi yawe ya kutekelezeka.

La kwanza na kubwa kwangu linahusu ghorofa ya chini. Ninyi wa Halmashauri ndio mnaotoa vibali vya ujenzi, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imewapa mamlaka ya kuweka masharti. Wekeni sharti kwamba katika kata za Kisutu, Mchafukoge, Kivukoni, Gerezani na Kariakoo, jengo lolote jipya la biashara liwe na varanda ya umma upande wa barabara, kina cha kutosha watu wawili kupishana na mmoja kuketi, na kwamba lango la magari lisiwekwe kwenye kona. Kona ndiyo sehemu ya jengo ambayo ni mali ya mtaa zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Varanda haimpunguzii mwenye jengo hata chumba kimoja cha juu, kwa kuwa ghorofa za juu zinaruhusiwa kusimama juu yake, kama walivyofanya wajenzi wa miaka ya 1930 bila kuamriwa na mtu.

Pili, pale ambapo hoteli imehudumia mtaa kwa muda mrefu, tuseme miaka thelathini, kibali cha kuvunja jengo kiende pamoja na haki ya hoteli hiyo kurudi katika jengo jipya, kwenye eneo lisilopungua lile la zamani, bila kilemba, na kwa kodi inayopanda hatua kwa hatua. Hapa nawageukia hasa Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 iliyaleta mikononi mwa Serikali majengo mengi ya Uhindini, kwanza chini ya Msajili wa Majumba na tangu mwaka 1990 chini yenu. Hakuna mwenye nyumba mwingine katika jiji hili ambaye ana milango mingi ya barabarani kama ninyi. Mnapoingia ubia wa kujenga upya, mna nafasi ya kuandika haki hiyo katika mkataba kabla ya mtu mwingine yeyote kulazimishwa na sheria, na wenye majengo binafsi watafuata wakiona kwamba jengo lenu lenye hoteli chini halikosi wapangaji juu.

Tatu, kabla jengo lolote lenye zaidi ya miaka hamsini halijavunjwa katikati ya jiji, lipigwe picha, lipimwe na kuandikiwa kumbukumbu, pamoja na maelezo ya watu waliofanya kazi ndani yake. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa usanifu na wa historia wanaotafuta kazi za mradi kila mwaka, na wanafunzi wawili na kamera wanaimaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Kuhusu mwaka 1863, nawaachia wanasheria njia ya kuurekebisha. Mimi nauona tu kama nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Mtaniuliza kama hoteli ninayoililia haikuwa na kasoro. Ilikuwa nazo. Uani ulikuwa na utelezi, bomba la maji lilikauka mara nyingi kuliko lilivyotoka, na katika miaka ya mwisho mwenye hoteli, ambaye alikuwa mwana wa yule aliyeniandika kwa penseli, hakutengeneza feni ilipoharibika kwa kuwa alijua hatakaa. Milango mitano ikawa miwili. Mtu anayejua anaondolewa hapaki rangi. Ndiyo maana naamini kwamba sehemu kubwa ya uchakavu tunaoutumia kama sababu ya kuvunja umeletwa na kutojua kesho, na mkataba wa miaka kumi ungeipaka rangi hoteli ile bila senti moja ya Serikali.

Siku ya mwisho nilikwenda asubuhi. Tulikuwa wengi kuliko meza, na wengi wetu tulikuwa na mvi. Hapakuwa na hotuba. Mhudumu mkubwa, aliyefanya kazi pale miaka thelathini na miwili, alipaza sauti zake kama kawaida hadi saa tano, kisha mwenye hoteli akasema kwamba asubuhi ile hakuna anayelipa, na kwa mara ya kwanza watu wakaondoka bila kutajwa mashati yao. Meza za marumaru zilinunuliwa na mtu wa vyuma chakavu kwa ajili ya miguu yake.

Sasa jengo jipya limeanza kupanda. Nilipita pale Jumatatu ya wiki hii. Nguzo zimefika ghorofa ya tatu, na yule mhudumu ameweka meza ya mbao ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, akiwa na chupa mbili za chai na beseni la chapati lililofunikwa kitambaa. Wateja wake wakubwa ni mafundi na vibarua wa jengo lenyewe, ambao wanakuja wakiwa na saruji mikononi na kunywa wakiwa wamesimama. Aliniambia amewauliza mafundi chini patakuwa na nini, nao wakamjibu kwamba mchoro unaonyesha fremu kumi na mbili na lango la kushukia magari, na kwamba lango hilo liko kwenye kona. Kuta za chini bado hazijaanza kujengwa. Ukisimama barabarani unaona hadi uani, pande zote mbili, kama ulivyoona milango ilipokuwa imekunjwa. Marekebisho ya mchoro wa jengo hupita mezani kwenu. Naomba mwanze na hilo, na niko tayari kuwaongoza hadi kwenye kona hiyo siku na saa yoyote mtakayoichagua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo